Malkia wa Ijumaa Moja

Binti yangu ana miaka 17. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari katika mji mdogo wa Texas ambao ukiupita kwa kasi kwenye barabara kuu utadhani ni kituo cha mafuta na tangi la maji tu. Septemba iliyopita alirudi kutoka shule, akafungua friji, na kichwa kikiwa humohumo ndani akaniambia wenzake wamempigia kura, sasa yuko kwenye korti. Niliandika habari za mahakama miaka sita nilipokuwa Dar es Salaam. Neno korti likinijia ghafla namna hiyo, swali la kwanza ni: shtaka gani?

Kumbe ni korti ya kifalme. Kila mwaka, majani yanapoanza kubadilika rangi, shule na vyuo vya Marekani huwaita wahitimu wao wa zamani kwenye sikukuu wanayoiita Homecoming, yaani kurudi nyumbani. Vyuo vikuu vitatu vinagombania nani aliianzisha: Baylor, iliyoko hukuhuku Texas, inasema 1909, Illinois inasema 1910, Missouri inasema 1911. Kuna mechi ya mpira wa Kimarekani, kuna dansi, kuna gwaride. Shuleni kwa binti yangu wanachaguliwa wasichana watano na wavulana watano, wanapitishwa barabara ya katikati ya mji Ijumaa mchana, kila mmoja juu ya gari la wazi, na usiku, mechi ikifika mapumziko, mmoja anavishwa taji. Ufalme wenyewe unadumu kama saa nne hivi, ukihesabu na foleni ya kutoka uwanjani.

Nyumbani anayepanda gari la wazi tunamjua. Rais siku ya Uhuru, anakagua gwaride. Simba au Yanga wakileta kombe. Bibi harusi wa Dar, matarumbeta yakiwa kwenye pikapu mbele na mpiga video amekaa kwenye buti la gari jingine, miguu inaning'inia, mungu ndiye anajua anashikilia nini. Msichana wa shule asiyeolewa, asiyeleta kombe, asiyetawala nchi, anapandishwa gari ili watu wamwone tu? Kwa hilo sikuwa na neno.

Mama yangu alikuwa nalo. Yuko Tanga, Ngamiani, na simu ya video kaizoea kuliko mimi. Nilipomweleza akanyamaza kwanza, nikasikia mtu anauza kitu dirishani kwake. Kisha akasema: "Mwali hutolewa nje akishafundwa. Huyo kafundwa na nani?"

Kwa wasomaji ambao si wa Pwani niseme kidogo. Kwetu mama hamfundi mwanawe. Kuna somo, mwanamke mwingine, jirani au ndugu wa mbali, ambaye msichana akivunja ungo anakabidhiwa kwake, na yeye ndiye anayesema yote ambayo mama akiyasema wote wawili wataangalia chini. Somo wangu alikuwa mama mmoja aliyekaanga vitumbua nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alinifunda huku anageuza vitumbua, bila kunitazama, na mpaka leo harufu ya iliki ikinipiga najinyoosha mgongo. Hapa Texas nyumba ya tatu kutoka kwetu wanakaa mzee mstaafu na mkewe na mbwa wao watatu. Watu wazuri sana. Lakini jamani.

Nikaenda kwa Mwana Kupona. Ndiyo, najua. Tulimsoma chuoni, tukabishana naye, na wengi wenu mnaosoma hapa mmebishana naye pia. Mwanamke wa Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, mgonjwa, mwaka 1858 anamwita binti yake Mwana Hashima aje na wino na karatasi, anamtungia utendi wa mawaidha. Mengi katika mawaidha hayo ni jinsi ya kumtunza mume: mkande, mpepee, akilala usimwamshe, ukitaka kutoka omba ruhusa. Wako wasomi waliosoma kejeli humo. Mimi nimejaribu mara tatu kuiona hiyo kejeli na sijaiona, na sikutaka hayo yamfikie mwanangu wiki ya gwaride. Kilichonishika safari hii kilikuwa kingine. Huyu ni mama aliyemfunda mwanawe mwenyewe. Muda ulikuwa umemwishia, akakaa na binti yake akasema kwa mdomo wake, yakaandikwa. Mimi muda wangu ulikuwa wiki tatu.

Basi tukaanza na kukaa.

Usidhani kukaa ni rahisi. Msichana wa korti hakai kwenye kiti cha gari. Anakaa juu ya mgongo wa kiti cha nyuma, pale paa linapokunjwa, miguu ndiyo inakanyaga kiti, bila viatu kwa sababu gari ni la mtu na ngozi ya viti ni ghali. Hakuna mkanda, hakuna pa kushika. Gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, linasimama kila bendi ya shule iliyo mbele ikisimama, na kila likisimama mwili unataka kwenda mbele. Tulifanyia mazoezi kwenye sofa. Binti juu ya mgongo wa sofa, mdogo wake wa miaka 11 chini analitikisa bila huruma na kupiga honi kwa mdomo. Alianguka mara mbili upande wa kulia, mara moja akaanguka juu ya mdogo wake. Siku ya nne akagundua mwenyewe kwamba ukibana magoti na kuweka uzito kwenye visigino, mgongo unakaa wima. Somo wangu wa vitumbua angesema ndivyo unavyotakiwa kukaa mkekani pia, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kisha mkono. Hapa nilikuwa na utaalamu. Kampeni za 2015 nilizunguka mikoa minne nyuma ya magari ya wagombea, na nimewaona wanaume wazima wakipungia mawingu. Mkono uko juu, macho yanapita juu ya vichwa vya watu, tabasamu limeganda kama la picha ya pasipoti. Watu wanajua. Nilimwambia: chagua mtu mmoja, mwangalie mpaka akuone, kisha nenda kwa mwingine. Tumia kiwiko, bega litachoka. Badilisha mikono kwenye kila taa ya barabarani.

Akajaribu sebuleni, akampungia mdogo wake, pazia na feni. Halafu, mkono ukiwa bado juu, akaniuliza: "Na mama, wale watakaoniangalia vibaya?"

Anauliza kwa sababu anaishi hapa. Katika wale watano, mweusi ni yeye peke yake, na mwaka huu mjini kulikuwa na maneno, si mengi, kuhusu shule "kubadilika." Mimi kazi yangu ni kujibu maswali kwa habari, kwa hiyo nikampa habari. Nilimsimulia Joan Williams wa Pasadena, California. Pasadena ndiko gwaride la waridi la Januari mosi linakofanyika tangu 1890, magari yote yamefunikwa kwa maua, ni gwaride la magwaride. Joan Williams alikuwa mfanyakazi wa jiji hilo. Jiji likamchagua awe malkia wake, apande gari la jiji kwenye gwaride la 1958. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kidogo. Walipotambua kwamba ni mweusi, gari la jiji likakosekana. Eti mwaka ule jiji halitakuwa na gari. Alikuja kupandishwa 2015, mstari wa mbele kabisa, akiwa na zaidi ya miaka 80.

Binti yangu akahesabu. "Alisubiri gari miaka 57?"

Habari ilikuwa ya kweli, na haikumsaidia hata kidogo. Niliona usoni kwake. Nilimpa historia na yeye aliomba kitu cha kushika. Aliyempa kitu cha kushika alikuwa mama yangu, ambaye siku zote alikuwa anajifanya hataki kusikia habari za gari. Usiku ule, kwao asubuhi, akamwomba mjukuu wake aniondoe chumbani. Nilibaki koridoni, ndiyo, nikasikiliza. Mama akamwambia: "Usiangalie macho ya watu. Macho ya watu si yako. Angalia mikono. Anayekutakia heri mkono wake utakuwa juu. Wewe fuata mikono tu."

Nimesoma vitabu, nina digrii. Hilo sikuwa nalo.

Kuanzia hapo Bibi akashika kazi. Kila siku saa tatu usiku ya kwetu simu inalia, mlango unafungwa. Aliagiza binti asuguliwe singo siku tatu kabla, na liwa ya Tanga haiko Texas, tukasaga ganda la chungwa na unga wa dengu, kakasema mwenyewe kale kasichana kwamba kananuka bajia. Akauliza kuhusu gauni. Nililipata la mtumba, refu, la mikono mirefu, rangi ya samawati iliyokolea, dola 40. Likaenda kupunguzwa kwa dada mmoja wa Uvira ambaye anashona kwenye chumba chake cha kulia. Yeye analiita robe, binti yangu analiita dress, mama yangu kwenye simu anasema gauni, na wote watatu wakaelewana kuhusu pindo kabla sijafungua mdomo. "Iko muzuri," dada akasema, akakataa hela.

Nywele zilichukua Jumamosi nzima, saa sita. Alitaka rasta ndefu zilizofungwa juu kwa duara ili kama taji litakuja lipate pa kukaa. Mataji haya yametengenezwa na watu wanaofikiria nywele laini. Yana meno madogo kama ya kitana cha mtoto. Tulinunua taji la plastiki la dola 5 kwenye duka la vifaa vya sherehe tukalijaribu mpaka likakubali. Texas ina sheria, ilianza 1 Septemba 2023, inayokataza shule kumbagua mtu kwa sababu ya msuko wa asili yake, na kifupisho cha jina lake kwa Kiingereza kinasomeka kama neno taji. Februari 2024 mahakama ya hapahapa ikasema shule bado inaweza kumwekea mvulana kikomo cha urefu wa nywele. Kwa hiyo taji lipo, lina meno madogo.

Na mum. Nisipoisema mum wasomaji walioko Houston na Dallas watanicheka. Zamani mvulana alimpa msichana ua halisi la krisanthemamu abandike kifuani siku ya mechi. Watu wa Texas wakaona ua moja halitoshi. Leo ua ni la kitambaa, ukubwa wa sahani ya pilau, na chini yake zinaning'inia riboni mpaka magotini au chini zaidi, kengele, vidubu, majina kwa herufi za kumetameta, hata taa za betri. Wa mwaka wa mwisho wanavaa nyeupe na fedha. Ukinunua iliyotengenezwa unaweza kuacha mamia ya dola dukani. Tulitengeneza wenyewe mezani kwa gundi ya moto, nikaungua vidole viwili, na ilipokamilika ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Msichana akitembea nayo analia kama mbuzi wa kiongozi. Nilidhani nitaidharau. Nilikaa nayo usiku wa manane nasuka riboni za pembeni mnyororo mnyororo kama ukili, na nilifurahi kweli.

Lakini jambo lililonikosesha usingizi lilikuwa fomu. Shule ilituma fomu yenye mstari: andika jina kama ungependa lisomwe uwanjani. Jina la binti yangu ni la mama yangu, linaanza na Mwana, kama majina mengi ya kwetu. Alipofika hapa darasa la sita, mwalimu mmoja alikuwa akifika kwenye jina hilo anasimama, anapumua, darasa linacheka. Ndani ya mwezi mmoja binti akalikata mwenyewe, akabaki na silabi moja ya mwisho, na kwa silabi hiyo amejulikana miaka mitano. Sasa kwenye fomu akaandika lote. Jina, la baba yake, la babu yake.

Nilimwomba afikirie. Nilikuwa naliona jukwaa limejaa, spika kubwa, mtu anasimama kwenye "Mw" na kupumua, na kile kicheko cha darasa la sita, safari hii cha mji mzima. Akaniangalia. "Si wewe ndiye unayegomba watu wakikosea jina la mtu kwenye habari?"

Hapo sikuwa na la kusema. Mwana, kule alikotoka Mwana Kupona, si neno la mtoto tu. Ni namna ya kumwita mwanamke mwenye cheo. Mombasa wanamkumbuka Mwana Mkisi katika masimulizi ya jinsi mji ulivyoanza. Nilitaka kumwambia binti yangu kwamba korti imempigia kura kitu ambacho bibi yake alimpa akiwa na siku saba. Sikumwambia, ingekuwa hotuba. Niliisaini fomu.

Jumatano mtangazaji wa uwanja akanipigia simu. Mzee mstaafu, alikuwa akifundisha kilimo shuleni hapo, anasoma majina ya korti kwa zaidi ya miaka 20. Akasema ameona karatasi na hataki kumharibia mtoto wa watu siku yake. Tukaanza. "Mua." Hapana, mzee, ni moja: Mwa. "Mu-wa." Nikamwambia afanye kama anabusu hewa. Akabusu hewa mara nne, na nyuma yake nikasikia mkewe anauliza anaongea na nani. Tulikaa dakika kumi na tano. Akaandika kwa herufi zake mwenyewe, akanisomea, nikakubali, akasema atapiga tena Ijumaa asubuhi. Akapiga kweli.

Gwaride lenyewe lilikuwa dakika arobaini na joto la kukaanga yai. Bendi, gari la zimamoto, trekta, watoto wanaokimbilia pipi zinazorushwa barabarani, halafu magari ya wazi. Nilitembea pembeni na chupa ya maji, mwendo uleule wa gari, kama mlinzi. Alikaa wima. Viatu viko chini ya kiti, mum imelala mapajani na kengele zake. Nikaona macho yake hayapandi juu, yanatua, yanaondoka, yanatua: alikuwa anafuata mikono. Mbele ya duka la vyuma walisimama watu kama sita, mikono mfukoni, wote sita. Gari likasimama palepale kwa sababu bendi ilikuwa imesimama. Nilihesabu sekunde. Yeye akageuka upande wa pili wa barabara, ambako kulikuwa na mtoto mabegani mwa baba yake anapunga mikono yote miwili kama anazama, akampungia huyo mpaka bendi ikaondoka.

Baba yake alitakiwa amsindikize uwanjani usiku. Ni dereva wa malori, na alasiri alikuwa Nebraska na mzigo wa kuku wa barafu ambao mpokeaji hakutaka kuushusha kwa wakati. Kwa hiyo nikaenda mimi. Miaka kumi na tano nimesimama pembeni ya mistari ya viwanja na daftari, sijawahi kuuvuka. Majani ni ya plastiki na yanachoma hata usiku. Binti akanishika mkono, akahisi unatetemeka, akaniambia kwa Kiswahili, meno yamefungwa kwa tabasamu: "Magoti, mama. Visigino."

Mzee wa kilimo akasoma. Mwa ikatoka vizuri. Akaharakisha jina la babu, akaweka mkazo pasipo pake, akamaliza. Hakuna aliyecheka. Sitawaambia uwanja mzima ulishangilia, maana walikuwa wanashangilia kila jina na nusu yao walikuwa kwenye foleni ya soda. Kundi la wasichana juu kushoto likapiga kelele ile silabi moja ya zamani. Akawapungia.

Taji likaenda kwa msichana mwingine, mrefu, mcheshi, anayecheza voliboli, na lilimkaa vizuri. Binti yangu alimkumbatia, mum zao zikanasana, ikabidi mtu aje na mkasi. Kwenye gari alikula burger mbili, akasema visigino vinamuuma.

Tanga ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, na mama yangu alikuwa macho, anaangalia mechi ya mpira ambao haujui kupitia simu yenye ufa. Tulipofika nyumbani tukakuta ujumbe wa sauti tatu. Wa kwanza ni swala na dua. Wa pili anauliza mbona wale vijana wamevaa kofia za pikipiki. Wa tatu, umri wake wote uko katika sauti hiyo: "Nani huyo mzee aliyekuwa anaita jina langu? Mwambie amejitahidi. La babu yenu alirudie."